Valvu inayovuja: usingoje kuumwa ndipo ukapime

Mkuu, umeuliza kuhusu mazoezi, chakula, na kama mtu mwenye valvu ya mitrali (mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) inayovuja kiasi cha kati kama yako anafika uzeeni. Lakini kuna sentensi umeipitisha katikati kama kitu kidogo: eti eko ya mwaka huu, kile kipimo cha kuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti, utaiacha kwa kuwa hujisikii vibaya. Hapo nimeshtuka, maana mimi nilisema hivyo hivyo.

Yangu ilikutwa inavuja kiasi cha kati. Nilikuwa nacheza mpira, napanda ngazi, nalala fofofo. Mhudumu mmoja aliyekuwa akinipima presha akaniambia, "Kama hubanwi na pumzi, moyo uko salama, usijitie hofu." Nikamwamini, nikakaa miaka minne bila kupima. Hadi leo nikikumbuka alivyolisema kwa uhakika nakasirika. Kwa nini hakuniambia tu nikamuulize daktari wa moyo?

Valvu ikivuja, kila pigo damu fulani inarudi ilikotoka. Moyo unatanuka ili kufidia, na unafidia vizuri mno, ndiyo maana husikii kitu. Nilipokuja kusikia, nilikuwa siwezi kulala bila mito mitatu, na jioni nikivua soksi nikabonyeza kifundo cha mguu, kidole kinaacha shimo. Siku ya eko yule mtaalamu alipima sehemu moja mara tatu, kisha akaacha kabisa kuongea nami.

Nguvu ya kusukuma damu, yaani sehemu ya damu inayotolewa na chumba cha chini cha kushoto kila pigo: asilimia 52. Nikashukuru, nikidhani si mbaya. Daktari akanieleza kwamba kwa mtu ambaye mitrali yake inavuja sana, 60 kushuka chini tayari ni dalili ya misuli kuchoka, kwa sababu sehemu ya hiyo damu inasukumwa kurudi nyuma. Upana wa chumba hicho cha chini cha kushoto kikimaliza kujikaza ukifika milimita 40 nao ni onyo. Changu kilikuwa 46. Nilipasuliwa, valvu ikarekebishwa vizuri, lakini misuli haikurudi yote. Dawa nameza kila siku. Ningewahi, ingekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona.

Kwa hiyo moyo wako upime kwa namba, siyo kwa unavyojisikia. Kila ukifanya eko omba nakala, hizo namba mbili ziandike kwenye daftari pamoja na tarehe, uone zinakoelekea. Kwa kawaida uvujaji mdogo hupimwa kila miaka 3 hadi 5, wa kati kama wako kila mwaka 1 hadi 2, mkubwa kila miezi 6 hadi 12. Ukibanwa na pumzi, ukivimba miguu au moyo ukienda mbio ovyo, usisubiri tarehe.

Na ndiyo, wengi ambao valvu zao zinavuja kidogo wanazeeka nazo bila kupasuliwa. Ila hutajua uko kundi lipi bila kupima. Eko yako ilikuwa tarehe ngapi? Kama bado haijapita, nenda. Kama imepita, piga simu kesho asubuhi wakupangie nyingine.