Barua kwa mwanangu kuhusu bastola unayotaka kununua

Kibaigwa, Dodoma

Mbukwa, mwanangu.

Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa utulivu. Unauliza hivi: ikiwa Katiba ya Marekani inampa raia haki ya kumiliki silaha, kwa nini mfanyabiashara wa mahindi kama wewe, unayesafiri na fedha za watu kati ya hapa na Gairo, uitwe mtu huru ilhali huwezi kujilinda mpaka polisi wakupe kibali?

Hoja ya Wamarekani siidharau. Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, ambayo ndiyo yenye haki hiyo, yaliidhinishwa mwaka 1791 na watu waliokuwa wamejitoa kwa bunduki katika utawala wa mfalme wa Uingereza, ambao walihofia kwamba serikali yenye jeshi inaweza siku moja kuwageukia raia wasio na kitu mkononi. Hata hivyo, ni mwaka 2008 ndipo Mahakama yao ya Juu ilipoamua bayana kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi, ya kujilinda nyumbani kwake, hata kama hayumo katika mgambo wowote. Nasi tunayo Lugalo, ambako Wahehe wa Mkwawa walikishinda kikosi cha Wajerumani mwaka 1891. Lakini walioshinda pale ni jeshi lililokuwa chini ya amri moja, tena wengi wakiwa na mikuki, wala si kila mtu na bunduki yake chumbani.

Unachokitaka wewe ni kitu kingine, na hapo ndipo tunapoachana. Kijiji cha jirani alikuwapo mzee mmoja, sasa marehemu, mwenye gobore la kufukuzia nguruwe pori, nalo lilikuwa na kibali. Siku ya kusuluhisha mpaka wa shamba lake na la mjane mmoja alikuja nalo barazani, akalilaza mapajani, mdomo ukielekea ukutani, kiganja chake kikiwa juu ya kitako kilichozungushiwa mpira wa baiskeli. Hakumtisha mtu wala hakupandisha sauti. Mjane alianza kueleza mahali mpaka ulipopita tangu enzi za mumewe, akatupa jicho pale mapajani, kisha akasema basi, mzee mwenyewe anajua. Shauri likaisha hivyo, na hatua kadhaa za shamba zikaenda bila risasi kulia. Uhuru wa mzee yule uliongezeka, sikatai, ila uliongezeka kwa kumegwa kutoka kwa mjane.

Katiba yetu, ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake kutoka katika jamii, na ibara ya 30 inakataza mtu kutumia haki yake kwa namna inayoingilia haki za wengine. Kwa hiyo sheria ya silaha ya mwaka 2015 inapodai mwombaji awe ametimiza miaka 25 na achunguzwe kwanza, mimi sioni kwamba inakudhalilisha. Inamsemea mjane ambaye hatakuwapo siku utakapojaza fomu.

Lipo na jingine, na ndilo linaloninyima usingizi. Huko Marekani, zaidi ya nusu ya watu wanaokufa kwa risasi hujiua wenyewe. Nakumbuka jinsi ulivyokuwa mwaka ule mzigo wako ulipooza ghalani, ulivyokaa siku nyingi bila kula wala kusema na mkeo. Nashukuru kwamba wakati ule hapakuwa na bastola chini ya mto wa kitanda chako.

Fedha zipitishe benki au kwenye simu, na safiri mchana pamoja na wenzako wa sokoni. Ukiamua kuomba kibali hata hivyo, wewe ni mtu mzima na sitakwenda kukupinga kwa mtendaji. Ila wajukuu wangu hawatalala katika nyumba hiyo kabla sijaliona kwa macho yangu sanduku la chuma lililofungwa ukutani, na kabla mkeo hajaniambia mwenyewe, wewe ukiwa haupo, kwamba ameridhia.

Wasalimie wote.

Baba yako