USIHAMISHE hizo pointi za kadi ya benki bado!!

Wewe uliyeandika kwamba unataka kwenda Amsterdam Desemba na mama na watoto wawili kwa pointi, simama hapo hapo. Usiguse hiyo batani ya kuhamisha. Eti "KQ (Kenya Airways) na KLM ya Uholanzi wote wako SkyTeam, ule muungano wa mashirika ya ndege, kwa hivyo pointi ni zile zile"? Nani amekudanganya? Nauliza kwa sababu hata mimi niliambiwa hivyo, na jamaa wa ofisi moja ya tiketi huko tao, tai imekaza mpaka shingo inavimba, na alikuwa anaongea haraka nikadhani ndio kujua kazi.

Muungano unakuruhusu kuchuma pointi ukipanda ndege ya shirika mshirika, na kutumia zako kukata siti kwake. Basi. Siti zote si zako. Ndege imegawanywa kwa herufi, kila herufi na bei yake, siti za pointi ziko na herufi zao, na hata hizo mwenye ndege huwawekea watu wa programu yake ya pointi kwanza, wewe wa mshirika unaachiwa makombo, na karibu na Krismasi mara nyingi hata makombo hupati.

Sasa mimi nilifungua tovuti ya wenye ndege, nikaona siti tele, nikahamisha pointi ZOTE za kadi ya benki kwenda programu ya mshirika wao. Zikaingia. Nafungua kalenda ya siti: kijivu, kijivu, kijivu, yaani hakuna, mwezi mzima. Napigia hiyo programu simu, muziki wa kusubiri unakula kredo, halafu dada mmoja mpole ananiambia, "Naona siti tisa, lakini za washirika naona sufuri." Na tisa ndio mwisho wa hesabu ambayo mashine yao ya kukata tiketi huonyesha, kwa hivyo pengine ndege nzima ilikuwa tupu! Nikamwambia basi rudisha pointi kwa benki. Akacheka kidogo. Ugali ukishasongwa utarudisha unga kwa pakiti? Zikakaa huko mpaka muda wake ukaisha zikafutwa. Mke wangu huniita "mzee wa pointi" mbele ya wageni, nacheka nao, nitafanyaje.

Na yule wa tai nilipomrudia? "Lakini hukuniuliza ni siti za aina gani." Wee! Na ada ya ushauri alikuwa ashakula.

Kwa hivyo SITI KWANZA, POINTI BAADAYE. Hata kama benki inakuambia kuna bonasi inaisha leo usiku, wacha iishe. Ushuru na ada za ndege kwa kawaida bado utalipa kwa pesa, si pointi, hiyo jipange. Piga simu kwa programu unayotaka kuhamishia, si kwa wenye ndege, wape tarehe na namba ya ndege, uwaulize kama wanaona siti nne za washirika kwa ndege MOJA, si mbili leo na mbili kesho, na kama wanaweza kukushikia mpaka pointi ziingie. Akisema ziko, andika jina lake na saa, ndio uguse batani.