Kuomba Kuona Hesabu za Chama si Kuwatukana Viongozi

Mwaka ule niliuliza kwenye kundi la WhatsApp la chama chetu, "Jamani, hayo 'matumizi mengine' ni kitu gani hasa?" Jibu likaja haraka: "Dada, kama huna imani na viongozi, sema wazi." Kisha mazungumzo yakahamia kwenye harusi ya Jumamosi, na swali langu likafunikwa. Mkononi nilikuwa na ile karatasi moja tuliyosomewa kwenye mkutano mkuu. Ilikuwa na mistari sita, na huo wa "matumizi mengine" ulizidi fedha zote tulizowapa wafiwa mwaka mzima.

Chama chenyewe ni cha watu wa Afrika Mashariki tunaoishi California, na kimesajiliwa kwa sheria za jimbo hilo kama shirika lisilo la kutafuta faida. Tunalipa ada ya mwezi, na akifa mtu tunachangishana ili maiti ifike nyumbani. Wengi wanaochangia wanakesha wakihudumia wagonjwa na wazee, asubuhi wanaingia kazi ya pili. Ndiyo maana swali lile halikunitoka.

Nilipoteza miezi miwili nikipiga simu. Mwenyekiti alinielekeza kwa mweka hazina, mweka hazina akanirudisha kwa mwenyekiti, na wote walinijibu kwa upole kabisa. Aliyenizindua ni mzee mmoja aliyewahi kuwa katibu wa chama kingine. "Mwanangu," aliniambia, "ya mdomoni hupeperuka. Andika barua."

Alikuwa anaijua sheria. California inasema vitabu vya hesabu, pamoja na kumbukumbu za vikao vya wanachama, vya bodi na vya kamati zake, viko wazi kwa mwanachama yeyote anayeomba kwa maandishi, katika muda unaofaa, kwa sababu inayohusiana na maslahi yake kama mwanachama. Katiba ya chama haiwezi kuiondoa haki hiyo, hata kama kuna kifungu kinachodai kwamba hesabu ni siri ya uongozi. Swali la WhatsApp halihesabiki kama ombi rasmi. Barua inahesabika.

Kabla hujaandika, hakikisha kwanza kwamba wewe ni mwanachama mbele ya sheria. Hapa wengi huanguka. Kulipa ada na kuitwa mwanachama kwenye sherehe hakutoshi. Kwa California, mwanachama ni yule ambaye hati ya usajili au katiba inampa kura ya kuchagua wajumbe wa bodi, au kura ya kuamua mambo mazito kama kuuza mali yote ya shirika, kuliunganisha na jingine au kulivunja. Rafiki yangu aliandikia shirika alilolichangia miaka mingi, akajibiwa kwamba katiba yao inasema bodi hujichagua yenyewe, kwa hiyo hana haki hiyo. Iliniuma kuliko ilivyomuuma yeye. Kwa hiyo anza na katiba. Shirika linatakiwa kuiweka katika ofisi yake kuu, na wanachama wanaruhusiwa kuisoma saa za kazi.

Ukikuta huna kura, bado kuna mlango mwingine. Mashirika mengi yaliyosamehewa kodi ya serikali kuu ya Marekani hupeleka Fomu 990, yaani taarifa ya mwaka ya mapato na matumizi yao, kwa mamlaka ya kodi, IRS, na mtu yeyote, awe mwanachama au asiwe, anaweza kuomba nakala za miaka 3 ya karibuni. Ukienda mwenyewe ofisini kwao, kwa kawaida unapewa siku hiyo hiyo. Ukiomba kwa barua, wana siku 30. Vyama vidogo ambavyo mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 50,000 kwa mwaka vinaruhusiwa kujaza taarifa fupi ya kielektroniki, 990-N, ambayo haikuambii fedha zimekwenda wapi. Lakini hata hiyo itazame. Shirika lisilopeleka chochote kwa miaka 3 mfululizo hupoteza msamaha wa kodi moja kwa moja, na ni vizuri mlijue hilo kabla hamjachangisha tena.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa mbaya. Niliomba "nyaraka zote tangu chama kianzishwe" na nikaongeza aya nzima kuhusu ufisadi. Walinijibu kwamba ombi langu halieleweki na limejaa shutuma, na nikiisoma leo naona walikuwa na haki ya kusema hivyo. Ya pili nilimwonyesha yule mzee kabla ya kuituma. Kiini chake kilikuwa hiki:

"Mimi ni mwanachama mwenye haki ya kupiga kura. Naomba kukagua na kunakili taarifa za benki, daftari la mapato na matumizi na stakabadhi za kuanzia Januari hadi Desemba mwaka jana, pamoja na kumbukumbu za vikao vyote vya bodi vya kipindi hicho. Sababu yangu ni kuelewa kiasi kilichoandikwa 'matumizi mengine' katika taarifa tuliyosomewa, ili niweze kupiga kura nikiwa na ufahamu katika mkutano ujao. Nitafuatana na mhasibu. Napendekeza siku tatu zifuatazo, chagueni inayowafaa."

Sikumtuhumu mtu hata mmoja. Niliituma kwa rejesta, nikabaki na kikaratasi cha kuonyesha kwamba imepokelewa. Mwenyekiti alinipigia jioni ile ile. "Dada, haya si mambo ya kuandikiana barua." Nikamjibu, "Mwenyekiti, nakuheshimu, na ndiyo maana nimekuandikia." Baada ya siku nne tukapewa tarehe.

Tulikutana katika chumba cha maktaba. Mweka hazina alikuja na kompyuta yake na boksi la viatu lililojaa risiti, nyingine wino wake umeshafifia usomeke kwa shida. Nilitaka kuvamia lile boksi, lakini shemeji yangu mhasibu akanizuia. Alianza na taarifa za benki. Kila fedha kubwa iliyotoka tuliiwekea alama, tukatafuta uamuzi wake kwenye kumbukumbu za vikao, kisha ndipo tukaitafuta risiti. Kwa saa tatu tulijua zaidi ya nilivyojua kwa miezi miwili ya simu. Nilipiga picha kila ukurasa wenye swali, kwa sababu haki ya kukagua inabeba na haki ya kunakili.

Hatukukuta mwizi. Tulikuta amana ya ukumbi iliyolipwa mara mbili, na mkopo uliopewa familia moja iliyokuwa katika shida, ulioamuliwa na watu watatu kwenye simu bila kuandikwa popote. Miezi mitatu haikuwa na kumbukumbu za kikao hata kimoja. Mweka hazina alipouona ule mkopo umezungushiwa duara, alinyamaza, kisha akasema alikuwa amemwomba katibu auandike, akachoka kuomba. Nilimwamini.

Nikataka tuwafikie wanachama wote. Orodha ya majina na anwani nayo inaombwa kwa maandishi, ukieleza sababu, na kwa taarifa ya siku 5 za kazi. Lakini shirika lina siku 10 za kazi za kukupendekezea njia nyingine inayotimiza lengo lako bila kukupa orodha. Walipendekeza kuituma barua yangu kwa kila mwanachama wao wenyewe. Nilikubali, maana anwani za watu ni amana. Ukipewa orodha hiyo, usiitumie kwa biashara wala kwa jambo lolote lisilohusu uanachama wako.

Wangekataa kabisa, ningekwenda mahakamani. Mahakama inaweza kuamuru vitabu vifunguliwe, na kukiwa na sababu nzuri ikateua mhasibu huru. Ikiona shirika limekataa bila sababu ya msingi, inaweza kulitoza gharama zako, pamoja na za wakili. Hapo ndipo kile kikaratasi cha rejesta kingenifaa.

Kama uko jimbo jingine, soma sheria ya huko. New York humtaka mwanachama awe ametimiza miezi 6 kabla ya kudai kumbukumbu za mikutano na orodha ya wanachama, na Delaware hutaka ombi liwe la kiapo. Na kama wewe ni mjumbe wa bodi, haki yako ni pana zaidi: California inakuruhusu kuona kila hati ya shirika, na huhitaji kueleza sababu. Siku hizi nami ni mjumbe, na wenzangu nawaambia waitumie.

Turudi kwenye chama chetu. Kwa California, asilimia 5 ya wanachama wanatosha kuitisha mkutano maalumu, na sisi tuliouomba tulizidi hapo. Mkopo uliandikwa rasmi, familia ile ikapangiwa kulipa kidogo kidogo, na wenye ukumbi wakarudisha amana moja baada ya katibu kuwapelekea nakala za malipo yote mawili.