Kadi ni yangu, jina ni la wakubwa

Kila mchujo wa vyama ukipita, simu yangu hupokea malalamiko kuliko salamu. Niliwahi kuwa katibu wa tawi hapa Arusha, basi watu wanadhani bado nina ufunguo wa chumba yanamokatwa majina. Sina, wala sikuwahi kuwa nao. Haya ni machache niliyoulizwa wiki hii.

Shikamoo mzee. Mimi ni bodaboda, kijiwe cha Sombetini. Mtu wetu aliongoza kura za maoni, tukapiga honi hadi usiku. Jina liliporudi kutoka juu, ni la mwingine. Tulikuwa tunahangaikia nini?

Marahaba mwanangu. Linalokuuma limo kwenye jina lenyewe: kura za maoni. Mmetoa maoni. Baada ya hapo matokeo yanapanda vikao, kila kikao na mapendekezo yake, hadi taifani. Kwa ubunge, CCM neno la mwisho ni la Halmashauri Kuu ya Taifa. Chadema ni la Kamati Kuu. Huko juu mshindi wenu ni jina mojawapo kwenye orodha, na maelezo yaliyoandikwa pembeni yake nyinyi hamkuonyeshwa.

Mkoa wetu umeyaona haya zamani. Mwaka 1995 CCM ilimkata Dk. Willibrod Slaa kule Karatu. Akahamia Chadema na jimbo akalichukua. Julai 2015 ikawa zamu ya Edward Lowassa wa Monduli. Watia nia 38 walirudisha fomu za urais, vikao vya Dodoma vikabakiza watano, yeye hayumo. Wajumbe wa Halmashauri Kuu waliokuja wamejiandaa kumpigia hawakulikuta jina lake kwenye karatasi. Akahamia Chadema, na ndani ya siku chache akawa mgombea wao wa urais. Akaondoka na kura milioni 6 na ushee, karibu asilimia 40. Sasa nani alinuna safari hiyo? Slaa yuleyule, wakati huo katibu mkuu wa Chadema, aliyeona mgeni kaingizwa sebuleni wenyeji wamesimama mlangoni. Akaachia ngazi. Machi 2019 Lowassa naye akarudi CCM.

Kwa hiyo ukitaka kuhamia kwa jirani kwa hasira, kachungulie kwanza jikoni kwake.

Mimi ni mama wa Kiborloni, Moshi, na ni mjumbe. Mtia nia mmoja kaniletea kanga na elfu ishirini ya "nauli", mwingine kaleta elfu thelathini. Nikampigia wa tatu ambaye hakuleta kitu. Nina kosa?

Nauli gani hiyo mama, na ukumbini ulikwenda kwa miguu?

Dhambi kamuulize padri. Kwa sheria, kosa ni la aliyetoa na la aliyepokea, hata kama kura umempa mwingine. Mwaka 2000 wabunge waliwahi kuihalalisha takrima, yaani zawadi za mgombea kwa wapiga kura, ikaitwa ukarimu wa Kiafrika. Aprili 2006 Mahakama Kuu ikaifuta. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 nayo inagusa uteuzi ndani ya vyama, si kampeni za Oktoba peke yake. Mnaodhani mchujo ni mambo ya ndani ambayo TAKUKURU hawana ruhusa ya kuyasogelea, mnajidanganya.

Nisijifanye mtakatifu lakini. Mwaka mmoja nilisimamia kuhesabu kura kwenye darasa la shule ya msingi. Karatasi zilikuwa za daftari, tumezikata kwa rula; sanduku lilikuwa boksi la sabuni. Moja ilikuwa imeandikwa, kwa mwandiko wa kujitahidi: "yule wa sukari". Tatizo ni kwamba waliogawa sukari walikuwa wawili, na wapambe wa wote wakaidai. Tulibishana karibu nusu saa juu ya kura ile, chaki mkononi, hadi tukaitupa kwenye zilizoharibika. Kama kura iliyopatikana kwa sukari ni halali, hakuna aliyeuliza, na mimi mwenyewe nilinyamaza.

Kwa nini mtu wetu asigombee peke yake, bila chama? (Njiro)

Katiba inamtaka awe mwanachama na apendekezwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania hili miaka mingi. Mahakama Kuu ilimpa ushindi 1994, Katiba ikabadilishwa kuufunga mlango. Akashinda tena 2006. Mahakama ya Rufani 2010 ikasema hilo ni la Bunge. Akaja hapahapa kwetu, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, barabara ya Dodoma, na tarehe 14 Juni 2013 ikaamua kwamba Tanzania imekiuka haki zake. Mtikila alifariki 2015. Hukumu ipo, mlango haujafunguliwa, na Novemba 2019 serikali ikaondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Ukivuka Namanga tu, Wakenya wanagombea bila chama kwa Katiba yao ya 2010. Hili linaniudhi kuliko yote uliyosoma hapa, maana ndilo linalowapa wakubwa jeuri: wanajua aliyekatwa hana pa kwenda ila kwenye chama kingine chenye mkasi wake.

Rafiki yangu aliye Marekani anasema kwao mwananchi mwenyewe ndiye huchagua mgombea. Kweli? (Soweto, Moshi)

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Ila manung'uniko ni yaleyale. Mwaka 2016 wafuasi wa Bernie Sanders, aliyewania tiketi ya urais, walilalamikia vigogo wa chama cha Democratic waliokuwa na kura mkutano mkuu bila kufungwa na matokeo ya wananchi. Barua pepe za watendaji wa chama zikavuja zikionyesha walivyombeza Sanders, mwenyekiti wa chama akajiuzulu Julai. Mwaka 2018 kanuni ikabadilishwa, vigogo hao wakapunguzwa nguvu katika duru ya kwanza.

Kaka, nimechoka. Nirudishe kadi? (Dada wa Kijenge)

Dada yangu, kadi ni yako, siwezi kukushikia. Lakini nikuulize: mwenyekiti wa tawi lako unamjua jina? Huyo na wenzake ndio ngazi ya kwanza ya hao wakubwa. CCM hufanya uchaguzi wa ndani kila miaka mitano, uliopita ulikuwa 2022. Chadema Januari 2025, Freeman Mbowe wa Hai, mwenyekiti tangu 2004, aliangushwa na Tundu Lissu kwa kura 513 dhidi ya 482. Kura 31 tu, ndugu yangu, za wajumbe ambao nao walianzia kuchaguliwa huko chini.

Tawini kwetu, mkutano wa mwisho wa uchaguzi niliouitisha tulikuwa watu kumi na mmoja, wanne kati yao wamekuja kwa ajili ya chai. Siku ya kura za maoni uwanja haukutosha.

Ofisi ya tawi lenu hufunguliwa siku za mikutano. Ukiikuta imefungwa, ulizia duka la jirani. Mara nyingi ufunguo huachwa hapo.