Muulize Fundi: Nimepewa chuo kizima, nianzie wapi?

SWALI

Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa miaka 25, nina diploma ya kompyuta na kibanda cha ufundi hapa Buzuruga, Mwanza. Waya naufunga, rauta naipanga, waifai ya ofisi ndogo naiweka na inatulia. Sasa chuo kimoja huku Ilemela kimeniomba niwachoree mtandao mzima: jengo la utawala, maabara ya kompyuta iliyo bondeni umbali wa mita 140 hivi, na bweni lililo juu ya mawe. Kompyuta zinakaribia 160, kuna kamera na simu za mezani. Rafiki yangu ananiambia ninunue swichi sita (visanduku vya kuunganishia kompyuta kwa waya), niziunge moja nyuma ya nyingine, kazi iishe. Ni sawa? Au nikasome CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, kwanza ndipo niikubali kazi?

Msomaji, Buzuruga

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Rafiki yako anakutakia mema, lakini usimfuate. Ukiunga swichi sita kwa mfululizo, ya pili ikizima, nne zilizo nyuma yake zinakatika pamoja nayo. Halafu watu wote wa chuo wanakuwa kama wapangaji wa chumba kimoja: mmoja akipiga kelele, hakuna anayelala.

Nimefanya kazi hii miaka 16, na kwangu kubuni mtandao ni kuamua mapema hitilafu ikitokea itaishia wapi. Nilijifunza hilo kwenye kiwanda kimoja cha samaki. Nilipigiwa simu saa mbili asubuhi kwamba mtandao umekufa wote: mizani, ofisi, stoo, hata simu. Malori ya sangara yalikuwa getini, barafu inachuruzika, na karani anaandika uzito kwa kalamu. Nilipofungua kabati la swichi nikakuta taa zote zinawaka na kuzima kwa pamoja, haraka mno, kama moyo wa mtu aliyekimbia. Nikaanza kuchomoa waya mmoja mmoja. Nilipochomoa wa kumi na moja, taa zikatulia. Kumbe mtu wa usafi alikuta waya unaning'inia ukutani, akaona tundu tupu, akauchomeka kwa nia njema kabisa. Ncha zote mbili za waya ule zilikuwa zimeingia kwenye swichi ileile.

Kwa nini waya mmoja uangushe kiwanda kizima? Swichi ikipokea tangazo, yaani ujumbe wa watu wote, hulitoa kwenye kila porti, yaani tundu la waya, isipokuwa ile lilikoingilia. Waya ukizunguka na kurudi, tangazo nalo linarudi na kutolewa upya, bila mwisho. Pakiti ya IP, yaani kifurushi cha data chenye anwani, ina hesabu inayopungua kila inapovuka rauta, kile kifaa cha kupitisha data kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na ikifika sifuri inatupwa. Fremu ya Ithaneti, ile bahasha inayobeba data kwenye waya, haina hesabu hiyo. Itazunguka mpaka mtu aje achomoe waya.

Dawa yake ipo zamani. Mwaka 1985 Radia Perlman, akiwa kampuni ya DEC huko Marekani, alibuni itifaki ya STP, yaani kanuni za swichi kuzungumza: swichi zinaulizana zenyewe, zinagundua njia inayozunguka, zinaifunga, na njia kuu ikikatika zinaifungua ile iliyofungwa. Kwa hiyo nunua swichi unayoweza kuingia ndani yake na kuipanga. Zile za bei ya chini usizoweza kuzipanga ziache dukani, hata mhasibu wa chuo akinuna. Hapo kiwandani hakukuwa na hata moja ya kupangika.

Sasa gawa. VLAN inakuwezesha kuikata swichi moja iwe kama swichi kadhaa zisizosikiana, na kutoka moja kwenda nyingine lazima upite kwenye rauta, au kwenye swichi inayofanya kazi ya rauta. Wape wafanyakazi VLAN namba 10, wanafunzi namba 20, simu namba 30, kamera namba 40. Kisha anwani zako za IP zifuate mpango huohuo: utawala 10.1, maabara 10.2, bweni 10.3, na namba ya tatu ya anwani iwe namba ya VLAN. Kila fungu la /24, yaani lenye namba tatu za mwanzo zinazofanana, linakupa anwani 254, zinatosha na kubaki. Siku utakapoona 10.2.40.17 inasumbua, utajua ni kamera ya maabara kabla hujanyanyuka kitini. Mpango huu ufanye kwenye karatasi kabla ya kununua chochote. Kubadilisha anwani za watu 160 walio katikati ya kazi ni mateso, nimeyapitia.

Mita 140 zile: waya wa shaba unaishia mita 100, ukihesabu na vipande vya kuunganishia vya ncha zote mbili. Kwa hiyo ni faiba, waya wa kioo unaopitisha mwanga. Lakini hata ingekuwa mita 40, kati ya jengo na jengo mimi naweka faiba, kwa sababu kioo hakipitishi umeme na wewe unazijua radi za ziwa letu. Asubuhi moja baada ya mvua ya usiku nilikuta swichi za majengo mawili zimekufa pamoja, na kilichoziunganisha kilikuwa waya wa shaba uliopitishwa juu ya bati.

Vitabu vitakufundisha ngazi tatu: ya kuingilia watumiaji, ya kusambaza na ya kiini. Zielewe vizuri, ila chuo chako si kikubwa kiasi hicho, ngazi mbili zinatosha. Weka swichi mbili zenye nguvu kwenye utawala, kila moja na UPS yake, yaani betri ya akiba, na swichi za kila jengo ziunganishwe na zote mbili. Hapa uwe mkali kwa wachimbaji. Ardhi yetu ni mawe, watataka kuzilaza faiba zote mbili kwenye mtaro mmoja wamalize mapema. Kataa. Sururu moja itazikata zote kwa pigo moja.

CCNA soma, itakusaidia, lakini usiikimbie kazi kwa ajili yake. Packet Tracer, programu ya kuigiza mtandao kwenye kompyuta, ni bure: chora chuo hicho humo, kisha zima swichi moja moja uone kinachobaki hai. Wiki hii nenda chuoni na daftari, kaa na mhasibu, mwalimu wa maabara na mlinzi wa kamera. Waulize wanatumia nini, saa ngapi, na mtandao ukikatika wanaweza kukaa muda gani. Kisha nitumie mchoro, na pembeni ya kila swichi uwe umeandika ni nani atakayeshindwa kufanya kazi ikizima.