Jibu kwa dada wa Mafinga: figo zikiwa si nzima, seli shina zinapandikizwa?

Dada, umeuliza kama baba yako mdogo mwenye mailoma (saratani ya uboho) atanyimwa upandikizaji wa seli shina, zile seli za uboho zinazozaa damu, kwa kuwa kreatinini yake, taka ya damu inayochujwa na figo, "imezidi kidogo". Nilimuuguza kaka yangu kwa ugonjwa huohuo hadi India, kwa hiyo nakwambia yaliyotukuta.

Kaka alikuwa akibeba lumbesa za viazi hapa Uyole. Mgongo ulipoanza kumsumbua tukasingizia mizigo, akawa anameza diklofenaki, dawa ya maumivu, za dukani karibu mwaka mzima. Kumbe mailoma humwaga protini zinazoziba vijifereji vya figo, na ile dawa inapunguza damu inayoingia humo. Figo ziliumia kabla hatujasikia hata neno upandikizaji.

Kreatinini yake ilisoma 112 (mikromoli kwa lita), na hapa nyumbani tukaambiwa si mbaya. Lakini kreatinini inatoka kwenye misuli, na kaka alikuwa amekonda hadi kilo 54, kwa hiyo namba ilionekana ndogo hata figo zikiwa dhaifu. Kule India wakampa dumu la lita tano akusanye mkojo wa saa 24, hata ule wa usiku wa manane. Nilikuwa nalifunika kanga kwa aibu. Jibu likatoka 51: figo zinachuja mililita 51 kwa dakika, wakati figo nzima hufika 90 na kuendelea.

Hawakumkataa. Melifalani, dawa kali ya kusafisha uboho kabla ya kuingiziwa seli, kipimo chake cha kawaida ni miligramu 200 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Yeye wakampa 140.

Siku ya nane baada ya kupandikizwa akaanza kuharisha mfululizo, homa juu. Kreatinini ikaruka hadi 205. Mwenye figo nzima naye huharisha, ila ana akiba ya kumvusha; kaka hakuwa nayo. Kilichomwokoa ni kwamba namba ya kuanzia ilijulikana: ikifika mara 1.5 ya namba hiyo ndani ya siku saba, figo imejeruhiwa. Wakaongeza dripu, wakabadilisha antibiotiki moja, wakawa wanampima uzito asubuhi na jioni. Kreatinini ikashuka hadi 124 bila dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine).

Uliza pia kama seli ni zake mwenyewe, maana kwa mailoma mara nyingi ndivyo. Zikitoka kwa ndugu kuna siklosporini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ya miezi kadhaa, nayo huzibana figo.

Na dawa za maumivu, mpekue baba mdogo leo. Kaka alizificha kwenye soksi.