Usiwaite wana waje "kubalansi" kura zako

Usitume huo ujumbe kwenye grupu, mkuu. Kama umeshautuma, ufute kabla hawajausoma.

Nimesoma ulichoandika. Jibu lako kwenye tovuti ya maswali na majibu ya kompyuta limekula kura hasi (wasomaji wanaliona baya), jamaa mmoja kakukosoa kwa mstari mmoja kwamba hatua yako ya nne inaruka kuhifadhi nakala, ukamwita mwenye wivu, na sasa unataka wana waingie wakubalansie kura kisha umwage mawe. Umeuliza pia utamjuaje mkosoaji wa kweli na mchokozi. Hilo nitalifikia. Nilishaapa sichangii tena mada za kura, lakini hili lako limenishinda kulipita.

Nilipita hiyo hiyo njia. Mtu aliuliza namna ya kuhamisha diski nzima kwenda diski mpya kwa dd, amri ya kunakili kwenye Linux. Nikajimwaga, hatua kwa hatua, herufi nzito, mbwembwe zote. Kwa wasioijua, amri hiyo inataka uitajie vitu viwili: if ni diski inayosomwa, of ni diski inayoandikiwa. Haikuulizi kama una uhakika. Ukibonyeza Enter, kazi imeanza. Mimi nikaandika if=/dev/sdb of=/dev/sda, wakati aya ya juu yake nimeeleza mwenyewe kwamba sda ndiyo yenye data na sdb ndiyo mpya. Yaani nilimfundisha mtu kuchota utupu na kuumwagia juu ya mafaili yake. Kwa mpangilio mzuri kabisa lakini, hilo mnipe.

Kura hasi zikaanza kushuka. Chini yake komenti moja: "Umegeuza if na of. Atakayefuata hii atapoteza kila kitu." Hana salamu, hana "hongera kwa juhudi". Niliona "umegeuza" tu, damu ikapanda, sikuendelea. Macho yote yalikuwa kwenye ile namba yenye alama ya kutoa, naifungua upya kila dakika kuona kama imeongezeka. Ilikuwa imeongezeka.

Hapo ndipo alipojitokeza mshauri wangu, mkongwe mmoja pale, mwenye beji nyingi kuliko sare ya jenerali. Akanifuata inboksi: humu ni siasa ya namba, wanaopiga mapema ndio wanaoamua, leta watu wako. Hakulisoma jibu langu. Narudia, hakulisoma! Mtu anakushauri namna ya kukipigania kitu ambacho hajakifungua. Na kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Mwaka 2013 Muchnik, Aral na Taylor walichapisha jaribio lao kwenye jarida la Science. Walichukua komenti zaidi ya laki moja kwenye tovuti ya kujadili habari, baadhi wakazipa kura moja chanya ya bandia zikiwa ndiyo kwanza zimewekwa. Mwisho wa safari, zilizobebwa zilikuwa na alama za juu kwa wastani wa asilimia 25. Kura moja tu ya mwanzo.

Ambacho jenerali hakuniambia ni nusu ya pili. Zile zilizopewa kura hasi ya bandia, wasomaji walizisahihisha wenyewe. Sasa piga hesabu. Ukionewa, wapo watu wa kukurudisha juu bila kuwaomba. Ukibebwa, hakuna wa kukushusha. Basi nilipowaita wana, nilichukua jibu ambalo watu walikuwa wanalizamisha kwa haki, nikalipandisha mpaka juu ya yote, na ile komenti ikabaki chini huko ambako hakuna anayefika.

Muulizaji akarudi. Kwa adabu, hata hakunitukana. "Nimefanya kama ulivyoelekeza. Sasa diski zote mbili hazina kitu. Picha za mwanangu tangu azaliwe zilikuwa humo. Kuna namna?" Hakuna namna. Diski ikishaandikiwa juu, cha chini hakirudi.

Akaunti yangu ilifungiwa, kura za wana zikafutwa, wala sikushangaa. Mitandao hii inanusa haraka watu wale wale wanaopigiana kura. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu, wana programu inayopita kila siku kuzifuta kura za mfululizo wa namna hiyo. Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Jenerali aliniandikia "pole sana" akaenda zake. Akaunti yake ipo, inang'aa.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na nitaipigia kelele mpaka nifungiwe na hapa: namba haijibiwi. Maneno ndiyo yanajibiwa. Hao hao Stack Overflow, kura hasi kwenye jibu inakukata pointi 2, na aliyeipiga inamkata 1 ya kwake. Mtu kalipa kukwambia umekosea, wewe unaita wivu! Electronic Arts, kampuni ya michezo ya video yenye watu wanaolipwa kuongea vizuri, mwaka 2017 walijitetea pale Reddit wakala kura hasi zaidi ya laki sita kwa komenti moja. Mimi na wewe ni akina nani? Kuna utafiti mwingine, wa 2014, wa Cheng na wenzake: wanaopigwa kura hasi huandika zaidi, wakaandika vibaya zaidi, na wakawa wakali kwa wengine. Ndiyo hayo mawe unayotaka kuyamwaga.

Sasa lile swali lako la mkosoaji wa kweli na mchokozi. Ziba namba kwa kidole, kweli kabisa, weka kidole kwenye skrini. Kisha soma komenti ya jamaa, toa kejeli zote, toa "wewe", angalia kilichobaki. Kikibaki kitu kinachoweza kujaribiwa, huyo ni mkosoaji, kijaribu kabla hujaandika neno. Kisipobaki kitu, ni mchokozi, mpite. Kwangu mimi ilikuwa kazi ya kubadilishana a na b. Herufi mbili, mkuu.

Na wala usiweke lile tangazo la "mliopiga kura hasi jitokezeni mjieleze". Hawatajitokeza, wataongezeka.

Sasa nenda kwenye jibu lako, hatua ya nne. Jamaa anasema inaruka kuhifadhi nakala. Je, inaruka? Kama inaruka, iongeze, mwandikie "nimerekebisha, asante", ufunge kompyuta ukalale.